Doreen Haruki Leo

Jumapili, 14 Aprili

Leo nimechaguliwa kuwa Msimamizi wa Usalama wa Chama cha Ndege za Kale cha Skelderby. Sikugombea. Nilitoka nje kidogo kuhamisha gari ambalo Mwenyekiti alidai linamzibia njia, na niliporudi nikakuta kikao kizima kinanipigia makofi.

Mwenyekiti wetu ni Bwana Alastair Pym, aliyeng'oa meno ya wilaya hii yote kabla hajastaafu. Akanieleza kwamba kamati imeona hakuna anayefaa kuliko mimi, kwa kuwa nilikuwa mtahini wa udereva maisha yangu yote.

"Mtu aliyekaa kando ya vijana wa mji wa Hull wakijifunza kukata kona haogopi kitu," alisema.

"Naogopa ndege," nikamwambia.

"Hilo ndilo tunalolitaka, Bi Wendy. Sisi wengine hatuziogopi, ndiyo maana mambo yako hivi."

Chama chetu kina ndege moja. Inaitwa Doreen. Ilijengwa mwaka 1942 kufundishia marubani wa kivita. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na imepakwa rangi ya njano. Ilipookotwa, mkia wake ulikuwa paa la banda la kuku la mkulima mmoja, na kuku hawakukubali kuuachia kirahisi. Rubani wake ni kaka yangu Neville Stainton, ambaye ana miaka sabini na nne. Fundi wake ni Gwen Oxtoby, mtalaka wa Neville. Sijakosea kuandika. Kaka yangu anapanda mawinguni kwa nati zilizokazwa na mwanamke aliyemdai talaka.

Jumamosi, 20 Aprili

Ukaguzi wangu wa kwanza. Birika la chai liko juu ya meza, na chini ya meza kuna mapipa ya petroli.

"Wifi, birika limekaa hapo tangu tuanze," Gwen alisema. Bado ananiita wifi. Anasema talaka ilimhusu Neville, mimi hanidai chochote.

"Na banda halijaungua?"

"Halijaungua."

"Bado," nikasema, nikalibeba birika mpaka ofisini. Wazee wote wakanitazama kama mtu aliyetoka na jeneza.

Kisha nikagawa fulana za kung'aa. Neville alishika yake kwa vidole viwili. "Nikivaa hii nitaonekana kama mfagia barabara."

"Ndiyo maana yake. Uonekane."

Akaitundika kwenye propela ya Doreen.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua. Neville amekuja kula.

Jumamosi, 4 Mei

Injini imewashwa kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi. Kasisi alikuja kuibariki. Nilimwomba asimame nyuma ya kamba, akasema baraka haifiki mbali hivyo. Injini ikakohoa mara mbili, ikatoa moshi wa buluu, ikamtemea oili nyeusi kuanzia kola mpaka viatu.

"Ni kawaida hii?" aliuliza Kasisi, akijifuta macho.

"Anarudisha baraka," Neville akamjibu.

Jumapili, 12 Mei

Doreen ameruka. Nilisimama kwenye nyasi nikiwa nimekumbatia kizimamoto kama mtoto mchanga. Sitadanganya: inapendeza. Gwen hakutazama juu hata mara moja. Alikuwa anasikiliza tu, kichwa amekiinamisha, kama mtu anayesikiliza maongezi ya chumba cha pili.

Jambo moja limenikwaza. Ndege hii ikiwa chini hukaa imeinua pua, na rubani haoni mbele. Kwa hiyo huiendesha upande upande kama mlevi arudiye nyumbani, akichungulia kulia, kisha kushoto, kisha kulia. Neville alipokuwa anarudi bandani alichungulia kulia. Kisha kulia. Kisha kulia. Bawa la kushoto likaangusha pipa lenye bendera ya kuonyesha upepo.

"Hukuliona pipa?" nilimwuliza.

"Pipa lilisogea," alisema.

Kazi yangu ya zamani imenifundisha kwamba mapipa huwa hayasogei.

Jumamosi, 18 Mei

Gwen ameizuia Doreen isiruke. Waya mmoja wa usukani umechakaa. Waya mpya lazima uagizwe.

Jumamosi, 1 Juni

Waya umefika. Gwen ameizuia tena. Sasa ni boliti.

Neville alikuja kwangu amenuna. "Ananikomoa huyu mwanamke. Boliti ile ni nzima. Ameangalia boliti, ameniangalia mimi, akasema hapana."

Kusema kweli nilimwunga mkono. Nilidhani ni yale ya ndoa, yamehama kutoka jikoni kwenda kwenye injini. Kijijini watu wanacheka kwamba Neville ndiye mwanamume pekee anayehitaji saini ya mtalaka wake ili atoke nyumbani.

Jumapili, 9 Juni

Neville alikuja kula nyama ya kuoka. Aliomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake, kushoto kidogo. Nikamsogezea. Akaomba mchuzi. Nao ulikuwa pale pale kushoto. Alipoondoka alipitisha gari juu ya waridi langu, la upande wa kushoto wa geti, la aina iliyonichukua miaka kuizoesha udongo huu.

Nilisimama kibarazani nikitazama lile waridi, nikalikumbuka pipa.

Jumamosi, 15 Juni

Mvua.

Jumapili, 16 Juni

Mvua. Mwenyekiti anasema si mvua, ni unyevu tu.

Jumamosi, 29 Juni

Siku ya Tamasha la Kijiji. Gwen alikosa sababu ya kuizuia Doreen. Nilimwona akiitafuta asubuhi nzima.

Watu walijaa, wamekalia mablanketi, wanakula mikate ya soseji. Chini tumechora mstari mweupe, mrefu, unaotenganisha sehemu ya watu na sehemu ya ndege. Rubani haruhusiwi kuuvuka akiwa hewani. Sheria hiyo haina mjadala, maana ndege ikizimika upande wa watu haianguki peke yake.

Neville alipita mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili vizuri. Mara ya tatu alikuja na watu wakiwa kushoto kwake, na nikaona kivuli cha Doreen kinauvuka mstari, kinapita juu ya mablanketi, juu ya soseji, juu ya kofia ya mke wa Mwenyekiti. Watu wakashangilia. Walidhani ni zawadi. Mimi nikakaa juu ya kizimamoto.

"Umevuka mstari," nilimwambia aliposhuka.

"Mstari upi?"

"Mweupe, Neville. Mkubwa."

Alicheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo. Juzijuzi tu tulikuwa wote kwenye mazishi ya rubani wa uwanja wa jirani, mtu makini kuliko sote, aliyekosea kidogo tu akiruka chini sana. Neville alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Leo nimekumbuka uso wake siku ile, na sijui nifanye nini.

Jumamosi, 6 Julai

Nilikwenda kwa Gwen. Alikuwa chini ya tumbo la Doreen. Miguu tu ndiyo iliyoonekana. Niliongea na miguu.

"Nadhani Neville haoni upande wa kushoto."

Miguu ikatulia. Kisha akajivuta nje, akakaa sakafuni, akafuta mikono kwa tambara.

"Nimekuwa nikikungoja useme," alisema. "Tangu mwaka jana anapanga vikombe vyote vya hapa bandani kulia."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema mimi, itakuwa kisasi. Neville anadhani namkomoa, sivyo? Na wewe ulidhani hivyo, wifi."

Nikakaa sakafuni karibu naye.

"Ndege hii nimeikagua kila kiungo," alisema. "Kitu kimoja tu kinachoruka nayo sina ruhusa ya kukifungua, nacho ni kichwa chake. Basi nikawa natafuta boliti."

"Sasa?"

"Sasa boliti zimekwisha. Mwambie wewe. Umewaangusha watu maisha yako yote."

"Hao hawakuwa kaka zangu."

"Basi umepata mazoezi," Gwen akasema, akarudi chini ya ndege.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika haraka kabla sijasahau kitu, kwa hiyo msomaji, ambaye ni mimi, anisamehe.

Nilimwambia Neville nataka nikae kiti cha nyuma, nimtahini. Nilidhani atakasirika. Alifurahi. Tangu utotoni amekuwa akinibembeleza nipande. Alidhani mtihani ni kisingizio cha mwoga.

Gwen alinifunga mikanda na kunivisha parashuti. "Ukitakiwa kuruka nje, ruka."

"Nani ataniambia?"

"Ukiona kiti cha mbele hakina mtu, hiyo ndiyo taarifa. Na usishike kitu chochote chekundu."

Nikatazama. "Vyote ni vyekundu."

"Basi kaa umekunja mikono," alisema. Akanigonga begani, akauacha mkono hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tukapaa. Niliomba dua zote ninazozijua, na moja ya Kikatoliki ambayo si yetu. Kisha nikafungua macho, nikaona mashamba ya ngano yamekunjuka kama mashuka, na mnara wa kanisa la Skelderby umechomoza kama kidole, na bahari kwa mbali. Neville alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwenye spika za masikioni, vibaya kama kawaida. Nasema ukweli wa mtahini: sijawahi kukaa nyuma ya mikono mizuri kama ile. Hakuna mshtuko, hakuna papara. Ndege ilimtii kama mbwa aliyezeeka na bwana wake. Kwa muda nikajiambia nimekosea, ni vikombe tu, ni waridi tu.

Tulipopita kanisani nikaona, upande wa kushoto, ndege nyeupe ndefu isiyo na injini, ya wale wanaoelea na upepo. Ilikuwa mbali. Nikanyamaza nione. Neville aliendelea kuimba. Ile nyeupe ikawa inakuja, haina sauti, inakua.

"Neville, kushoto kwetu kuna nini?" niliuliza kwa sauti ya kawaida.

"Mashamba, dada. Mashamba matupu. Pumzika ufurahie."

Nilikuwa naiona kofia ya mtu aliyemo ndani. Ilikuwa kofia ya kijani.

"Neville," nikasema, na ile sauti niliyotumia kwenye mizunguko ya barabara za Hull ikatoka bila kuiita, "pinda kulia. Sasa."

Hakuuliza. Kwa hilo nitamshukuru mpaka kufa. Dunia ilisimama kwa ubavu, kitu kikanikandamiza kitini, na ile nyeupe ikapita nyuma ya bega langu, karibu kiasi kwamba niliuona mdomo wa mwenye kofia ukisema neno ambalo silitii humu.

Neville akainyoosha ndege. Wimbo ulikuwa umekwisha.

"Imetoka wapi ile?" aliuliza baadaye.

"Ilikuwepo tangu kanisani."

Alitua kwa upole kama mtu anayemlaza mtoto. Akazima injini, propela ikazunguka, ikasita, ikasimama. Nikangoja mpaka kimya kikamilike. Ndivyo nilivyofanya siku zote: humwambii mtu kitu gari likiwa bado linanguruma.

"Bwana Stainton," nikasema, "nasikitika kukuambia kwamba leo hukufaulu."

Alikaa amenipa kisogo. "Umeniita Bwana Stainton."

"Niliwaita wote hivyo."

"Wewe ndege umepanda leo. Leo tu, Wendy."

"Ndiyo."

"Na mimi tangu sijaoa."

"Ndiyo."

Akafungua mikanda, akashuka, akaenda zake kuelekea langoni. Gwen alikuwa amesimama kando ya bawa, upande wa kushoto, amenyoosha mkono kumpa kikombe cha chai. Neville alimpita hivyo hivyo. Hakumdharau. Hakumwona.

Gwen akabaki na kikombe chake. Kisha akanipa mimi, nikakinywa chote, ingawa kilikuwa na sukari.

Jumapili, 14 Julai

Nimesaini. Neville haruki.

Jumamosi, 20 Julai

Mvua. Neville hajaja kula.

Jumapili, 28 Julai

Mvua. Neville hajaja. Nimepika nyama ileile ya watu wawili, nimempa mbwa sehemu yake. Mbwa naye amenitazama vibaya.

Jumamosi, 3 Agosti

Mwenyekiti amekuja na keki, maana yake anataka kitu. Tarehe kumi na tano Septemba ni siku yetu kubwa, na mabango yamebandikwa kuanzia hapa hadi York. Hakuna Neville, hakuna Doreen. Hakuna Doreen, hakuna chama.

"Ni mara moja tu, Bi Wendy. Hewa iko tupu siku hiyo. Tutawaambia wale wa kofia ya kijani wabaki nyumbani."

"Na ndege wa manyoya? Na mnara wa kanisa?"

"Mnara hausogei."

"Kwa Neville, hata pipa lilisogea."

Akakata kipande cha keki yake mwenyewe, akakila kwa huzuni. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: Doreen ni jina la mama yake. Wakati wa vita, akiwa msichana, alishona vitambaa vya kuvalisha mabawa kwenye kiwanda. Hakuwahi kuona hata ndege moja ikiruka, kwa sababu zamu yake ilikuwa ya usiku. Nilikuwa nimemwona Pym siku zote kama mtu wa kukata utepe kwenye sherehe. Nikamwekea chai nyingine. Lakini sikubadilisha saini.

Jumamosi, 10 Agosti

Mvua. Watu wawili dukani wamenisalimia kwa baridi. Mmoja nilimwangusha mtihani wa udereva mara tatu miaka ya nyuma, kwa hiyo huyo simhesabu.

Jumamosi, 17 Agosti

Neville amekuja. Kwa miguu, amelowa, na ni mwendo mrefu. Alisimama mlangoni.

"Nilikwenda kwa daktari wa macho," alisema. "Ni presha ya macho. Jicho la kushoto upande mzima umekufa, la kulia limeanza kumfuata mwenzake. Kilichokufa hakirudi. Matone yatazuia kilichobaki."

"Na ule uchunguzi wa afya ya rubani ulioufaulu?"

"Nilisoma herufi zote, Wendy, mpaka zile za chini. Herufi zilikuwa mbele. Hazikuja kutoka kushoto."

Nikamvua koti. Aliona nimetazama nje kutafuta gari lake.

"Na gari pia," alisema. "Umefurahi? Sasa umeniangusha kwenye vyote."

"Sijafurahi."

"Najua," alisema, akakaa. "Kuna nyama?"

Hapakuwa na nyama. Tulikula mayai na mkate, na nilipanga kila kitu kulia kwake. Akaona, akahamisha chumvi kushoto makusudi, akageuza kichwa, akaitazama, akaichukua.

"Ndivyo daktari alivyosema," akaniambia. "Nigeuke."

Mwenye macho haambiwi tazama. Mwenye nusu anaambiwa, na anashukuru, ila taratibu.

Jumapili, 8 Septemba

Tumepata rubani. Anaitwa Kapteni Ingrid Sowerby. Siku za kazi anarusha ndege kubwa za abiria, na siku za mapumziko anarusha vikongwe kama Doreen kwa raha zake. Neville alikaa kiti cha nyuma kumwelekeza. Walipotua Ingrid alikuwa anacheka.

"Anaongea sana kaka yako," aliniambia.

"Ulimvumilia vipi?"

"Nilichomoa waya wa spika zake tulipopita shule."

Neville hakujua. Alisema ni mwanafunzi msikivu.

Jumapili, 15 Septemba

Siku kubwa. Asubuhi ukungu ulitoka baharini, ukaondoka, yakabaki mawingu ya kijivu na manyunyu. Magari yalipanga foleni mpaka barabara kuu, yakaelekezwa kuegeshwa kanisani. Kasisi alikuja na koti la mvua, amejifunza.

Kabla ya saa ya kuruka Gwen aliniita nyuma ya banda. Alikuwa amechuja oili ya injini kwenye kitambaa cheupe. Katikati ya weusi kulikuwa na vitu vinavyong'aa, kama mtu amemwaga pambo la harusi.

"Chuma," alisema. "Ndani mle kuna kitu kinajisaga."

"Kingi?"

"Siwezi kujua bila kuifungua injini. Siku nyingine huwa kidogo, na haina maana. Hiki ni zaidi ya kidogo. Lakini si kingi sana."

Mwenyekiti akatokea, akatazama kitambaa, akatazama foleni ya magari. Uso wake ulikuwa kama wa mgonjwa wake anayengoja kung'olewa jino. "Lakini imewahi kuwa hivi. Gwen, imewahi kuwa hivi na ikaruka."

"Imewahi," Gwen alikubali. "Sikulala wiki nzima."

Ingrid alisema yeye si mwenye injini. Fundi akisema ndiyo atapanda, akisema hapana atakunywa chai. Gwen alisema hawezi kusema ndiyo, na kwa kitambaa hiki peke yake hawezi kuapa kwamba ni hapana. Wote wakanigeukia mimi. Ndipo nikaelewa walichonichagulia siku ile ya gari.

Nikamwita Neville. Hakuna aliyeijua injini ile ikiwa hewani kuliko yeye. Lakini niliogopa jibu lake. Miaka yote akiulizwa kama Doreen inaweza, kaka yangu hakuwahi kusema haiwezi.

Alichukua kitambaa, akakisogeza karibu na jicho la kulia, akakigeuza kwenye mwanga. Mwenyekiti akaanza kukunja na kukunjua kofia.

"Ingekuwa ninaruka mimi," Neville alisema, "ningesema twendeni."

Mwenyekiti akapumua.

"Na ndiyo maana nasema Ingrid asiende."

Gwen alikuwa anamtazama kama alivyokuwa akiisikiliza injini.

"Doreen haruki leo," nikasema.

"Nani atawaambia?" Mwenyekiti aliuliza. Halaiki yote ile, na mvua sasa imeanza kwa dhati. Hata yeye hakuiita unyevu.

"Nipeni kipaza sauti," Neville alisema.

Alipanda juu ya bawa, na safari hii alikuwa amevaa fulana ya kung'aa, sijui aliitoa wapi. "Mabibi na mabwana," alisema, "Doreen haruki leo. Nitawaeleza kwa nini, kisha mtakwenda kula keki."

Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Nimeendesha kutoka Leeds kuja kuiona ikiruka."

"Na mimi nimekuja kwa miguu kuiona isiruke," Neville akamjibu. "Karibu mbele, hapa mvua ni ileile."

Akawaeleza. Akawaeleza oili na chuma, akakipitisha kile kitambaa mkono kwa mkono, watu wakakitazama kama sanda ya mtakatifu. Akawaeleza jinsi ndege ya umri huu inavyokufa: haikuagi, inakohoa tu. Akawataja wenzake waliokufa, kwa majina, bila madoido. Kisha akawaeleza habari ya jicho lake. Sikutegemea. Akasema aliyemshusha ni dada yake mwenyewe, yule pale mwenye kizimamoto, mtahini wa udereva, na kama yupo mwingine aliyewahi kuangushwa naye anyooshe mkono.

Mikono iliyonyooka ilikuwa mingi mno. Wa Kasisi ulikuwa mmojawapo.

"Na bado mko hai," Neville alisema. "Fikirini hilo mkirudi nyumbani."

Walicheka, na hawakuondoka. Mablanketi yalihama kutoka chini yakaenda vichwani. Neville aliendelea mpaka hadithi zikaanza kuelekea kwenye ndoa. "Niliwahi kuwa na mke aliyeisikiliza injini kuliko alivyonisikiliza mimi, na sasa naona alikuwa na..." Hapo sauti ikakatika. Gwen alikuwa amesimama kando ya tundu la umeme, na waya mkononi.

Baadaye watu walipanga mstari kukaa kwenye kiti cha rubani, mmoja mmoja, mvuani. Mwenyekiti Pym alisimama kando ya bawa jioni yote, akimwonyesha kila mtu mishono, akisema mama yangu, mama yangu. Yule wa Leeds alikuwa wa mwisho kuondoka.

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo Gwen ameifungua injini. Tulisimama kuizunguka kama ndugu wa mgonjwa. Alitumbukiza mkono, akapapasa, akautoa, akamwaga kitu mezani. Ilikuwa beringi ya kubeba mhimili wa injini, au iliyokuwa beringi. Imevunjika vipande vipande, kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai.

Mwenyekiti aliketi kwenye pipa. Nikamwondoa, kwa sababu ni la petroli.

"Ingeruka?" nikauliza.

"Ingeruka," Gwen alisema. "Ingepaa vizuri kabisa. Ingefika kanisani hivi."

Kanisani ndiko kulikokuwa na magari yote.

Neville aliokota kipande, akakigeuza vidoleni. Nilijua anachofikiri, kwa maana nami nilikuwa nakifikiri: kama ningemfaulisha Julai, siku ile asingekuwa na kipaza sauti mkononi. Angekuwa humo, anaimba.

"Ningetua tu," alisema hatimaye.

"Ungetua wapi, Neville?" Gwen akauliza.

"Palepale. Juu ya paa la kanisa." Akakirudisha kipande mezani, taratibu. "Lakini ningetua vizuri."

Gwen alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza, kicheko cha chini, cha kukwaruza, ambacho sikuwa nimekisikia tangu walipokuwa mtu na mkewe. Alikuwa amesimama kushoto kwa Neville, mahali ambapo hakuna kitu kinachomfikia siku hizi. Neville akafuta vidole kwa tambara, akageuka, si kichwa tu bali mwili mzima, mpaka akamwona akicheka.